Mzio: Historia ya Neno na Swali la Mwuguzi

Makusudi ya makala haya ni kueleza historia ya jambo moja la uganga kwa kulifuata katika majina yake. Jambo lenyewe ni ile hali ya mwili wa mtu kudhurika kwa kitu ambacho wenzake wakikila, wakikigusa au wakipigwa sindano yake hawaoni neno. Kwa Kiswahili cha leo twaiita mzio. Katika wodi nyingi utasikia pia aleji. Msomaji asidhani ya kuwa mtu wa lugha amepotea njia akaingia chumba cha dawa. Katika kazi ya uuguzi jambo hili huanza kwa swali, na swali hujengwa kwa maneno. Nalo likijengwa vibaya, atakayelipa ni mgonjwa.

Nilipata kuliona hilo nilipomsindikiza shangazi yangu, mtu wa mwambao aliyekwisha pita miaka sabini, kwenda kutibiwa kidonda cha mguu. Mwuguzi, binti mpole, alimwamkia kwa heshima, akafungua faili, akauliza, "Bibi, una aleji yoyote?" Shangazi akanitazama mimi, kisha akajibu, "Hapana, mwanangu." Nikaona yanipasa kufasiri, nikasema, "Shangazi, anakuuliza kama una mzio." Hapo uso ukamchangamka. "Mzio wangu pweza," alisema, "na marehemu mama alikuwa hamli." Mwuguzi akacheka kidogo, akasema kwamba hakuuliza miiko ya chakula bali dawa, naye shangazi akajibu kwamba dawa si mzio wake. Katika faili ikaandikwa: hakuna. Jioni, katika kusimulia mambo ya zamani, akatuambia kwamba siku moja alipochomwa sindano ya penisilini alivimba midomo, akawashwa mwili mzima, akazimia, na alipozinduka aliwakuta wanawake wakimpepea. Nilimwuliza kwa nini hakumwambia yule binti. Akasema, "Hakuniuliza kama niliwahi kuanguka." Asubuhi yake nilirudi kuomba faili lisahihishwe.

Wote watatu tulikuwa tumesema kweli kwa kadiri ya maneno tuliyokuwa nayo. Kosa lilikuwa katika neno, na kosa hilo lina historia ndefu.

Neno mzio ni la kale katika Kiswahili, wala halikutungwa na kamati yoyote. Ndugu zake wameenea katika lugha za Kibantu. Waganda husema omuziro, na kwao ndiyo ile ishara ya ukoo, mnyama au kitu ambacho mwenye ukoo hakili. Wanyarwanda wana umuziro, na kitenzi kuzira, yaani kuwa mwiko. Wakikuyu wana mũgiro. Huko Angola, katika Kimbundu, liko neno kijila lenye maana hiyo hiyo, nalo lilivuka bahari pamoja na watumwa likaingia katika Kireno cha Brazili kwa sura ya quizila, ambako hutumika kwa chuki au karaha ya mtu kwa kitu fulani. Mwanafunzi wa sauti za Kibantu hatapata taabu kuona kwamba maneno haya yatoka shina moja, na kwamba Kiswahili, kama ilivyo desturi yake, kimeiangusha konsonanti iliyokuwa kati ya irabu mbili za mwisho.

Basi katika Kiswahili cha zamani mzio ulikuwa kitu, si hali ya mwili. Msemaji hakusema "nina mzio wa pweza," bali "pweza ni mzio wangu." Tena ulikuwa kitu cha kuliwa hasa. Na haukueleza kwa nini kitu hicho kinaepukwa: pengine ni kwa sababu ya ukoo, pengine ni amri ya mganga, pengine ni kwa kuwa mtu akikila huota vipele. Sababu zote hizo zilikaa katika neno moja bila kugombana. Lakini jambo moja neno hili lilikuwa nalo tangu mwanzo, ambalo uganga wa Ulaya ulilipata kwa shida: mzio ni wa mtu. Pweza si sumu. Pweza ni mzio wa fulani.

Huko Ulaya, mwishoni mwa karne ya 19, mawazo ya waganga yalikuwa juu ya vitu, yaani viini vya maradhi, sumu zake, na dawa za kuzipinga sumu hizo. Mwaka 1890 Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda au ya dondakoo huwa na nguvu ya kuikinga sumu hiyo katika mnyama mwingine. Baada ya miaka michache majimaji ya damu ya farasi, yaitwayo seramu, yakawa yanadungwa watoto wenye dondakoo, na wengi ambao wangalikufa kwa kukabwa koo wakapona. Behring alipewa tuzo ya Nobel ya kwanza ya uganga mwaka 1901. Lakini tangu mapema palikuwa na habari za kutisha. Mwaka 1896 huko Berlin mtoto mdogo wa daktari mmoja, ambaye hakuwa mgonjwa bali alidungwa seramu kwa ajili ya kinga tu, alikufa baada ya dakika chache. Watu wakauliza kama seramu ile ilikuwa mbovu. Lilikuwa swali juu ya kitu. Hakuna aliyekuwa na neno la kuulizia habari za mtoto mwenyewe.

Neno lilikuja kwa njia ya bahari. Mwaka 1901 Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco aliyependa sana elimu ya bahari, aliwachukua katika jahazi lake wataalamu wawili Wafaransa, Charles Richet na Paul Portier, wachunguze sumu ya mnyama aitwaye fisalia, aeleaye juu ya maji na kuburura nyuzi ndefu zichomazo, mfano wa konyeza wetu. Waliporudi Ufaransa hawakuweza kumpata mnyama huyo, wakatumia sumu ya mnyama mwingine wa bahari, anemone. Nia yao ilikuwa kuwazoesha mbwa sumu ile kidogo kidogo mpaka wasidhurike nayo. Mbwa mmoja, jina lake Neptune, mwenye afya na nguvu, alidungwa kiasi kidogo asipate dhara. Baada ya siku 22 akadungwa kiasi kile kile. Mara akaanza kuhema, akashindwa kusimama, akatapika damu, akafa kwa muda wa dakika 25.

Sharti tuutazame vizuri ugeni wa jambo hili. Kama sumu ndiyo iliyoua, ingaliua mara ya kwanza. Na kama mwili hujifunza kujikinga, mara ya pili ingalikuwa nyepesi. Mbwa alikufa kwa sababu alikuwa amekwisha kuonja, na mwili wake ulikuwa unakumbuka. Richet na Portier walitangaza habari hizi mjini Paris Februari 1902, na ilibidi wazipe jina. Kinga kwa Kiyunani ni phylaxis. Richet alitaka neno la kuonyesha kinyume chake. Kwa kanuni za Kiyunani kikanushi kingalikuwa a-, nalo neno aphylaxis. Lakini halikumpendeza sikioni, akaliongeza silabi likawa anaphylaxis. Wajuao Kiyunani wameguna tangu hapo, kwa maana ana- katika lugha hiyo huwa zaidi na maana ya juu, nyuma au tena. Nami kwa upande wangu simlaumu sana. Istilahi nyingi zimeishi kwa utamu wa sauti, na nyingine zilizotungwa sawasawa zimekufa bila mtu kuzitamka. Mwaka 1913 Richet alipata tuzo ya Nobel kwa kazi hii.

Huko Vienna, madaktari wa watoto Clemens von Pirquet na Béla Schick walikuwa wakiwaangalia watoto waliodungwa seramu ya farasi. Waliona kwamba baada ya siku 8 mpaka 12 baadhi yao hupata homa, upele, kuvimba tezi na maumivu ya viungo. Lakini mtoto aliyewahi kudungwa zamani hakungoja siku hizo. Akidungwa tena, huugua upesi, pengine siku ile ile. Kitabu chao juu ya ugonjwa wa seramu kilitoka mwaka 1905. Kutokana na tofauti hiyo ya siku von Pirquet alifahamu kwamba ugonjwa hauletwi na seramu peke yake, bali na mkutano wa seramu na kitu ambacho mwili wenyewe umekiunda. Mwaka 1906, katika makala mafupi sana, akatoa neno Allergie, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, allos, yaani nyingine, na ergon, yaani kazi. Maana yake ni kwamba mwili uliokutana na kitu hutenda namna nyingine unapokutana nacho tena.

Twaona, basi, kwamba aleji ya kwanza haikuwa ugonjwa. Von Pirquet alitaka neno lishike mabadiliko yote, ya kumfaa mtu na ya kumdhuru; mtu aliyechanjwa ndui naye, kwa maana hiyo, mwili wake umebadilika. Lakini neno halikukaa alipoliweka. Kwa muda wa miaka michache lilipungua likabaki upande wa madhara tu, kisha katika vinywa vya watu likapanuka tena, hata leo mtu husema ana aleji na kazi za asubuhi. Hayo ni mapito ya kawaida ya maneno. Hatari yake tutaiona mbele.

Mambo yaliyofuata nitayapita upesi, kwani yameelezwa vizuri na wenye elimu hiyo. Ila moja siwezi kuliacha. Mwaka 1921, katika mji wa Breslau, ambao sasa ni Wrocław nchini Poland, Heinz Küstner alikuwa mtu asiyeweza kula samaki aliyepikwa. Mwenzake Carl Prausnitz alikula samaki bila taabu. Wakachukua seramu ya damu ya Küstner, wakamdunga Prausnitz chini ya ngozi ya tumbo, na kesho yake wakadunga maji ya samaki pale pale. Ngozi ikavimba na kuwasha. Mahali padogo pa mwili wa Prausnitz palikuwa pamekuwa, kwa njia ya kusema, mwili wa Küstner. Bibi zetu wangesema samaki ni mzio wa Küstner, na wangekuwa wamesema sawa. Lakini sasa ilijulikana kwamba mzio huo haukai katika samaki, bali katika damu ya mwenyewe, na waweza kuhamishwa kwa sindano. Kitu chenyewe kilitambuliwa baada ya miaka 45 hivi, kwa kazi ya Kimishige na Teruko Ishizaka huko Marekani, na ya Johansson na Bennich huko Uswidi. Ni kingamwili ambayo mwaka 1968 ilipewa jina la IgE. Hiyo hushika juu ya seli zilizojaa histamini, ikangoja. Kitu chake kikija tena, seli hufunguka na kumwaga: mishipa hulegea, koo huvimba, mapafu hubana. Lakini si kila mzio huenda mbio namna hiyo. Mwaka 1963 Philip Gell na Robin Coombs walizigawa njia za mwili kujidhuru katika mafungu manne, na la nne ni lile la upele unaokuja polepole baada ya siku moja au mbili.

Nimeeleza haya ili tufike kwa mwuguzi, maana hapo ndipo historia hii ilipokuja kukaa. Kwa kawaida daktari huandika dawa, ila anayeidunga ni mwuguzi, na anayekuwa karibu na kitanda katika dakika zile za kwanza ni huyo huyo. Dakika zenyewe ni chache. Uchunguzi wa vifo vya anafilaksi nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba wastani wa muda mpaka moyo au pumzi kusimama ulikuwa dakika 30 kwa vyakula, dakika 15 kwa sumu ya wadudu, na dakika 5 kwa dawa zilizotolewa hospitalini. Katika dakika 5 daktari aliye wodi nyingine pengine hajapata kuitwa. Kwa hiyo wauguzi hufundishwa wasingoje: mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe, wala asisimamishwe ghafula, adrenalini idungwe katika msuli wa paja kwa upande wa nje, kwa mtu mzima nusu miligramu, nayo hurudiwa baada ya dakika 5 ikiwa hali haijatengemaa. Dawa za kupinga histamini hupunguza vipele na mwasho, lakini hazifungui koo wala haziinui mapigo ya damu. Hata leo dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa mara nyingi kwa damu ya farasi, kama ile ya Behring, na mwuguzi aitoaye katika hospitali ya wilaya huwa na adrenalini tayari pembeni mwake.

Lakini dawa iliyolileta swali la mzio katika kila wodi ni penisilini. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilienea duniani upesi kuliko dawa yoyote kabla yake. Katika kampeni ya kuangamiza buba, iliyoongozwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF kati ya 1952 na 1964, watu wapatao milioni 300 walipimwa katika nchi 46, na zaidi ya milioni 50 wakatibiwa, wengi kwa sindano moja tu. Ilikuwa baraka kubwa. Pamoja na baraka hiyo vilikuja vifo vichache vya ghafula. Makadirio yaliyotolewa mwaka 1968 yalikuwa mtu mmoja au wawili katika kila laki ya waliotibiwa. Ndipo hospitalini ikawa desturi, kabla ya sindano, kumwuliza mgonjwa kama dawa ile imewahi kumdhuru, na kuliandika jibu mahali pa kuonekana, mara nyingi kwa wino mwekundu.

Na hapo kupanuka kwa neno kukaleta hasara ya namna nyingine. Nchini Marekani mtu mmoja katika kila 10 husema kwamba ana aleji ya penisilini, lakini wakipimwa sawasawa, walio nayo kweli hawafiki mmoja katika 100. Wengine walitapika tu, au waliharisha, au walipata upele wa ugonjwa wenyewe walipokuwa watoto. Wengine walikuwa nayo ikaisha, kwani wapatao 8 katika 10 huwa wamekwisha kuipoteza baada ya miaka 10. Walakini wino mwekundu haufutiki, na mtu huyo hupewa maisha yake yote dawa za pili, zilizo ghali zaidi na pengine zenye madhara zaidi. Shangazi yangu aliandikiwa hakuna ilhali kipo. Hawa wameandikiwa kipo ilhali hakuna. Chanzo cha makosa yote mawili ni mwandishi kupokea jina badala ya kupokea habari.

Sasa nirudi kwa pweza, maana yule binti alipocheka aliacha kitu. Katika majira ya baridi ya 1889 na 1890, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, mwuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, Caroline Hampton, aliharibika ngozi ya mikono kwa dawa ya zebaki iliyotumika kuoshea. Mpasuaji William Halsted aliomba kampuni ya Goodyear itengeneze glavu nyembamba za mpira kwa ajili ya mikono hiyo (mwaka 1890 alimwoa mwenye mikono). Hivyo glavu iliingia katika upasuaji kwa ajili ya kumkinga mwuguzi, kabla watu hawajafikiri sana kumkinga mgonjwa. Karibu miaka 100 baadaye, UKIMWI ulipowalazimisha wauguzi kuvaa glavu kutwa, utomvu wa mpira ukawa mzio wa wengi wao. Unga uliotiwa ndani ya glavu ili zivalike kwa urahisi uliruka hewani ukiwa umebeba protini za mpira, na wengine wakapata pumu kwa kuingia tu chumbani. Marekani ilipiga marufuku glavu za unga kuanzia Januari 2017. Tena imejulikana kwamba aliye na mzio wa mpira mara nyingi hudhurika pia kwa ndizi, parachichi au papai, kwa kuwa protini zake zafanana. Mgonjwa asemapo, "Ndizi ni mzio wangu," huenda anamwonya mwuguzi juu ya glavu aliyoivaa. Pweza, ni kweli, hana maonyo ya namna hiyo juu ya dawa. Imani ya zamani kwamba asiyeweza vyakula vya pwani asipewe dawa za iodini imekwisha kukanushwa. Lakini mwuguzi hawezi kujua ni chakula kipi chenye maana kabla hajasikiliza vyote.

Kiswahili chenyewe kiko njiani. Vijana husema "nina mzio," na katika usemi huo mzio si pweza tena bali ni hali ya mwili. Yaani neno letu limesafiri kwa miguu yake kutoka kwenye kitu mpaka kwenye mwili, safari ile ile ambayo Richet na von Pirquet waliifanya kati ya 1901 na 1906. Ila wazee hawajasafiri nalo. Kwao mzio ungali ni kitu, tena cha kuliwa. Sindano hailiwi, kwa hiyo haiwezi kuwa mzio. Siyo haki kuwataka wabadili lugha yao mlangoni mwa wodi. Wala aleji haitatuokoa, kwani anayelijua neno hilo huenda amelipokea na maana yake pana ya mitaani.

Nilipokwenda kulisahihisha faili la shangazi nilimkuta binti yule yule zamuni. Hakukasirika. Alivuta kiti, akamwuliza upya kwa simu yangu, safari hii bila ya kutaja mzio wala aleji: "Shikamoo, bibi. Hebu nieleze, je, umewahi kumeza dawa au kuchomwa sindano, kisha ukavimba, ukawashwa, ukakosa pumzi au ukaanguka? Ilikuwa dawa gani, na ilichukua muda gani?" Shangazi alieleza kwa dakika kumi, pamoja na jina la mwanamke aliyempepea. Binti akaandika maelezo, si jina tu: penisilini, sindano, midomo, mwasho, kuzimia, mara tu baada ya kuchomwa. Kisha, chini yake, akaongeza pweza.